Pikipiki Isiyotaka Kupona

Kabla hujasikia maneno ya jirani yangu, fundi pancha, sikia yangu kwanza. Mimi si mzembe. Mtaa mzima wananiita Leoleo, na jina hilo sikujibandika mwenyewe: ukiniletea pikipiki asubuhi inakohoa, jioni unaondoka nayo imepona. Kwa hiyo watu walipoanza kupita mbele ya gereji yangu wakiniuliza kama siku hizi naitwa Keshokutwa, niliumia, tena niliumia kimyakimya, maana sikuweza kujitetea. Aliyeniagiza nichelewe alikuwa mke wangu, na pikipiki yenyewe ilikuwa ya mama yake.

Mama mkwe wangu ni mkunga. Hospitali alishastaafu, lakini watoto hawajaacha kuzaliwa, na yeye hajaacha kwenda kuwatazama. Kila asubuhi alikuwa akifunga mkoba wake nyuma ya pikipiki, anavaa kofia ngumu juu ya kitambaa cha kichwa, kisha anazunguka nyumba za waliojifungua. Huyu amwangalie kitovu cha mwanawe, yule amfundishe kunyonyesha, mwingine amfokee mumewe tu na kuondoka. Madereva wengi wanaompigia honi barabarani aliwapokea yeye duniani, na huwaambia hivyo kwa sauti ya kusikika na abiria wao.

Ajali haikuwa kosa lake. Mtu mmoja alifungua mlango wa gari lililoegeshwa bila kutazama nyuma. Mama akaugonga mlango, akarushwa, akaangukia lundo la mchanga wa watu waliokuwa wakijenga. Mchanga ule ndio uliomwokoa, akavunjika kifundo cha mkono wa kushoto, basi. Mke wangu ni fundi cherehani, na duka lake liko ng'ambo ya barabara hiyohiyo, kwa hiyo yeye ndiye aliyefika wa kwanza. Alimkuta mama yake amelala kifudifudi mchangani, hatikisiki, na kwa muda mfupi aliamini kwamba amekwenda. Muda ule mfupi haukumtoka. Alikuwa akishona huku anasikiliza barabara, na kila pikipiki ikifunga breki anatoboa kidole.

Pikipiki ililetwa kwangu juu ya mkokoteni. Usukani umepinda, mirija ya shokapu za mbele imekunjika, rimu imekuwa na umbo la yai, taa haipo kabisa, na tangi limebonyea mahali ambapo ungeweza kuweka bakuli la uji lisimwagike. Niliizunguka mara moja nikajua kwamba itapona. Nilimwambia mke wangu hivyo wakati wa kula, nikidhani namletea habari njema.

Aliendelea kuchambua mboga kwenye sahani yake. Kisha akasema, "Baba watoto, itengeneze. Lakini usiimalize."

Nikamuuliza kazi inatengenezwaje bila kumalizwa.

"Si wewe fundi? Mafundi wote mnajua."

Neno hilo lilinichoma, hasa kwa kuwa limetoka kwa fundi cherehani. Kuna bibi harusi mtaani kwetu ambaye gauni lake la harusi lilitoka kwa mke wangu wakati bibi harusi mwenyewe ana mimba ya mtoto wa pili. Lakini hilo nililimeza pamoja na tonge. Niliona jinsi alivyokuwa akichambua mboga ambazo hazikuwa na kitu cha kuchambuliwa.

Kaka yake mkubwa, shemeji yangu, alikuwa na shauri lake. Yeye anafanya kazi ofisini katika mji mwingine na huongea kwa simu kana kwamba watu wote wamesimama kumsikiliza. Alisema pikipiki itangazwe kuwa haifai tena, na mama akae nyumbani apumzike kama mama za wenzake. Ili kuonyesha kwamba hatanii alituma kochi. Kochi kubwa la ngozi, lenye kitufe cha kuinulia miguu. Liliwekwa sebuleni kwa mama, na mama alilipokea kwa shukrani nyingi, akamlaza paka juu yake.

Sasa mimi kumdanganya mama mkwe siwezi. Mke wangu namdanganya kidogo, kama watu wote waliooa, ila mkwe ana macho yaliyozoea kutazama wanawake wanaosema hawana uchungu. Nikaamua kutodanganya. Nikaamua kuwa mwangalifu, jambo ambalo kwa fundi huchukua muda mrefu kuliko uongo. Mirija ya shokapu niliinyoosha, nikaiviringisha juu ya kipande cha kioo nione inaporukaruka, nikainyoosha tena. Rimu niliisuka upya spoki kwa spoki. Tangi nililivuta bonde lake, nikalipiga puti, nikalipiga msasa, nikalipaka rangi nyekundu, na rangi ilipokauka nikaikwangua yote kwa sababu nzi alikuwa ametua. Katika maisha yangu sijawahi kufanya kazi nzuri kama ile, wala kudharauliwa kama wakati ule.

Na mama alikuwepo akiona yote. Alianza kuja gereji plasta ya mkononi ikiwa bado mbichi. Stuli niliyompangusia kwa shati langu aliikataa, akachagua tairi kuukuu karibu na benchi ya kazi, akakaa hapo asubuhi na kurudi hapo alasiri. Mkwe ni mkwe. Yeye anaweza kunitania, mimi siwezi kumtania, kwa hiyo nikitaka kumjibu hulazimika kuiambia injini.

Mara nati ya ekseli iligoma. Nilikuwa nimening'inia kwenye spana, mishipa imenitoka shingoni.

"Mkwe, mbona unaivuta hivyo? Imwagie mafuta, kaa kando, ipe muda. Kitu kilichokwama hakipendi kugombezwa."

Mwenyewe alikuwa akinigombeza tangu nifungue mlango. Niliimwagia mafuta, nikakaa kando, na nati ikafunguka, lakini sikumpa furaha ya kuniona nikishangaa. Siku nyingine, nilipokwangua ile rangi, alinitazama kwa huruma ya kitaalamu.

"Mimba zote nilizozipokea zilikuwa za miezi tisa," akasema. "Hii yako, mkwe wangu, ni ya tembo."

Nikaiambia injini kwamba kuna watu hawajui maana ya subira. Akasema amesikia.

Mpaka hapo mambo yalikuwa yakinichekesha. Kilichofuata hakikunichekesha hata kidogo. Nilianza kuona kazi niliyoimaliza inafunguka yenyewe. Nilifunga taa mpya ikatazama mbele. Nikitoka kwenda kununua vipuri, nikirudi taa inatazama ardhi. Waya wa breki nilioukaza asubuhi, mchana umelegea. Rimu niliyoisuka mpaka inazunguka bila kupepesuka, kesho yake inapepesuka tena. Kuchelewesha kazi kwa kupenda ni jambo moja. Kazi kukuharibikia mikononi ni jambo jingine.

Kwanza nilimshuku fundi pancha. Tulibishana mbele ya wateja wake mpaka akaniuliza kama nati zangu nazo anazitoboa yeye. Nikamshuku mke wangu, lakini yeye alikuwa dukani kwake mchana kutwa na watu wanamsubiri. Mwisho nikajishuku mwenyewe, na hapo ndipo nilipoogopa. Nilianza kukaza nati moja mara mbili, na ya mteja mwingine mara tatu, na nikimaliza naitazama mikono yangu kana kwamba nimeiazima. Nilijiambia labda ndivyo uzee unavyomwanza fundi. Sikumwambia mtu.

Siku moja nilitoka kwenda kununua balbu ya taa ya nyuma, nikakumbuka njiani kwamba sikuchukua ile ya zamani ya kuonyesha kipimo. Nikarudi kwa mlango wa nyuma, ule wa uani, kwa sababu ulikuwa karibu. Mama mkwe alikuwa amechuchumaa kando ya gurudumu la mbele, miwani imeteremka puani, spana yangu ya kulegezea spoki iko mkono wa kulia, anazungusha taratibu, anaonja spoki kwa kidole, anahamia nyingine. Mkoba wake wa kikunga ulikuwa wazi pembeni, na ndani yake, kati ya pamba na dawa ya kitovu, zilikuwemo spana zangu nyingine mbili nilizodhani nimezipoteza.

Nikakohoa. Hakushtuka.

"Kumbe una mlango wa nyuma," akasema.

Ningekuwa nimemkuta mtu mwingine yeyote, ningempigia kelele mpaka mwisho wa mtaa. Nikaketi juu ya lile tairi lake, nikamuuliza kwa adabu zote kwa nini ananiharibia kazi.

Alisimama, akaushika mshikio wa klachi kwa mkono wa kushoto. Plasta ilishatolewa, mkono ulikuwa mwembamba, umepauka. Akauminya. Mshikio ukafika nusu, ukasimama. Akajikaza, na mshikio haukusogea zaidi. Akauachia.

"Mfupa umeunga," akasema. "Daktari kasema umeunga vizuri. Nguvu ndizo hazijarudi. Sasa, pikipiki ikipona kabla yangu, mwanangu atakuja kusimama hapo mlangoni na suti yake, atasema, haya mama, panda tuone. Nitapanda. Nitashindwa. Na dada yake ataniona nikishindwa. Basi, habari yangu imekwisha, nikakae na paka."

Nikamwambia kwamba wanawe wanamtakia mema.

"Najua. Hata wanaomfungia kuku ndani wanamtakia mema." Akavua miwani akaifuta kwa pindo la kitambaa. "Siku nikiiacha nitaiacha mwenyewe, mkwe wangu. Mtoto ndiye anayeachishwa. Ndio maana nakulegezea. Wewe una mkono mwepesi mno, kila nikijua nimepata wiki, nakuta umeirudisha siku hiyohiyo."

Nilikuwa sijasifiwa muda mrefu. Nadhani sifa hiyo ndiyo iliyonifungua kinywa, maana nilimweleza yote: agizo la mke wangu, rangi niliyoikwangua, nzi, jinsi nilivyokuwa nikichelewesha kwa upande wangu huku yeye akichelewesha kwa upande wake. Alinisikiliza mpaka mwisho. Halafu akaanza kucheka, akashika tangi jekundu asianguke, nami nikashindwa kujizuia. Tulicheka mpaka fundi pancha akachungulia kuona nani amepagawa.

Tukafanya kazi kwa bidii kuanzia siku hiyo, kila mmoja kazi yake. Mimi nilishughulikia klachi. Niliweka waya mpya, nikaupaka mafuta, nikauchomelea kipande cha chuma kuurefusha ule mkono mdogo wa klachi ulio ubavuni mwa injini ili uvutike kwa nguvu ndogo, nikausogeza mshikio karibu na usukani ufikiwe na vidole vifupi. Mama alishughulikia mkono. Nilimkatia kipande cha mpira wa ndani wa tairi, nikakikunja, akawa anakiminya akiwa amekaa pale kwenye tairi. Punde nikagundua kwamba akiwa kimya anauminya kivivu, na akinifokea anauminya kwelikweli. Kwa hiyo nikaanza kukosea makusudi. Nilifunga madigadi kinyume. Nilitafuta bisibisi iliyokuwa nyuma ya sikio langu. Nilimuuliza kama mafuta ya breki yanaweza kutiwa kwenye kabureta, na kwa swali hilo peke yake mpira ulikunjwa mpaka ukalia.

Wateja walionisikia nikifokewa walinionea huruma. Wengine walisema ndiyo maana siku hizi kazi zinachelewa, mtu atafanyaje kazi na mkwe kichwani. Jambo moja tu lilinitatiza: nyumbani mke wangu alikuwa akisema mama amepoa sana siku hizi, amekuwa mpole, na alilisema hilo kwa sauti ambayo sikuielewa. Nilidhani anafurahi.

Asubuhi moja mama aliusogelea usukani bila kuambiwa, akauminya mshikio. Ulikwenda mpaka mwisho. Akauachia, akauminya tena, akauachia, mara nyingi, uso wake hausemi kitu.

"Maliza," akasema.

Nikamaliza siku hiyohiyo. Nilipiga uzi kutoka gurudumu la nyuma hadi la mbele kuona kama yamelingana, na yalilingana.

Siku ya kuikabidhi, shemeji alikuja kweli, na suti kweli. Fundi pancha alihamishia benchi yake karibu ili asipitwe. Mke wangu alisimama mlangoni amekunja mikono. Nilikuwa nimemwambia jana yake kwamba pikipiki imekwisha na mama anaiweza. Aliniuliza nani kasema, nikamjibu ni mama, na tangu hapo alikuwa akizungumza nami kupitia watoto: mwambieni baba yenu chai iko mezani.

Shemeji alianza hotuba. Alisema hakuna anayemkataza mama, ila lazima tuhakikishe kwanza, kwa usalama wa wote, na kwamba umri ni jambo la kuheshimiwa. Alikuwa bado kwenye umri mama alipowasha. Kofia kichwani, mkoba nyuma. Nilitazama mkono wa kushoto tu. Ukafunga, gia ikaingia, ukafunguka taratibu, pikipiki ikatoka kama inavyotakiwa. Akaenda mpaka mwisho wa mtaa, akageuza, akarudi, akasimama mbele ya bintiye bila kuzima.

"Panda," akamwambia.

Mke wangu akatikisa kichwa.

"Panda. Au una shaka na kazi ya mume wako?"

Hapo alimbana, maana mbele ya fundi pancha hawezi kusema ana shaka. Akapanda nyuma, sketi akaikusanya magotini, akamkumbatia mama yake kiunoni kwa mikono yote miwili na kufumba macho. Wakaondoka. Wakashika ile barabara ya dukani kwake, ileile ya lundo la mchanga.

Walikawia kurudi. Shemeji akaanza kutazama saa. Akaniambia kwamba likitokea lolote mimi ndiye nitakayeulizwa, nami nilijua hivyo tangu mwanzo, sikuhitaji suti kunikumbusha. Nilipitia kila nati kichwani, na kila nati ilikuwa mahali pake, na bado nikaanza kuzipitia upya.

Hatimaye zikasikika honi, za mama na za wale anaowajibu. Wakasimama. Kitambaa cha mke wangu kilikuwa kimeteremka shingoni na uso umelowa machozi. Aliposhuka shemeji alisema, "Unaona? Nilisema mimi." Mke wangu akampita kama kiti, akanishika mkono, akanivuta mpaka nyuma ya pampu ya upepo ambako hakuna anayetuona. Nikajiandaa kwa lolote.

"Amenifokea," akasema.

Nikaanza kumwombea radhi mama yake. Akanikatiza.

"Amenifokea njia nzima. Eti nimembana hapumui. Eti nakaa kama gunia, tukikata kona namwelemea. Tumepita dukani, akaona gauni lile la dirishani, akasimama barabarani kuniambia pindo limekwenda upande." Akafuta uso kwa kiganja. "Tangu aanguke hajanifokea hata mara moja, baba watoto. Kila nikimwambia kitu, ndiyo mwanangu, ahsante mwanangu. Nikiweka chumvi nyingi, ahsante mwanangu. Nilijua mama yangu alibaki pale mchangani."

Akalia tena kidogo, begani kwangu, kwenye ovaroli yenye grisi, jambo ambalo kwa kawaida halikubali.

Nami, kwa kuwa nilitaka kumfariji, nikamwambia ukweli. Nikamwambia mama hakuondoka kamwe. Alikuwa hapa kwenye tairi lile, na mimi amenifokea asubuhi na alasiri, siku zote hizo, bila kunipumzisha.

Nilidhani atanionea huruma. Alinitazama kwa wivu.